Vijana wapiga picha wa Baraka, nunueni diski kabla ya kamera kubwa

Kazi ya kupiga picha imekuwa njia ya maisha kwa vijana wengi wa muji wa Baraka, na kule juu Fizi-centre vilevile. Kwenye arusi, mahari, ubatizo, sherehe ya diploma, matanga au mkutano wa mashirika, hakosi kijana mwenye kamera begani. Ni jambo la kusifu, kwani hakuna aliyewapa kazi hiyo, wameitafuta wenyewe. Lakini vijana hao wakikutana, wanaulizana swali lile lile: kamera gani ndiyo nzuri zaidi, na itapatikana wapi, Bujumbura, Kigoma ao Bukavu?

Kwa maoni yangu, kuna swali linalopaswa kutangulia: picha ulizopiga mwaka uliopita ziko wapi leo?

Wengi hawana jibu. Kadi ya memori ilijaa, arusi nyingine ikafika, wakafuta. Ao picha zilikuwa kwenye simu, simu ikaanguka ziwani. Ao kompyuta iliingia virusi. Mteja alishalipa, alishapewa picha zake kwa WhatsApp, basi mambo yakaisha. Mahali pengine hasara hiyo ni ndogo. Kwetu Fizi ni kubwa sana, na wapiga picha wanapaswa kuelewa sababu.

Sisi ni watu tuliokimbia mara nyingi. Vita vya 1996 na vya 1998 vilivusha jamaa nyingi ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, ilifunguliwa mwaka ule wa 1996 kwa ajili ya wakimbizi Wakongomani. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na kitenge. Habebi albamu. Waulize jamaa za watu waliouawa Makobola, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999: ni wangapi walio na picha ya mtu wao? Na tusifikiri hayo yamepita. Mwaka 2025 Goma ilianguka Januari, Bukavu ikafuata Februari, na watu wakaanza tena kufunga mizigo. Katika muji kama wetu, mara nyingi mtu wa mwisho mwenye nakala ya sura ya marehemu ni yule kijana aliyepiga picha za arusi ya mtoto wake. Kama kijana huyo alifuta kadi, sura ile imekwenda.

Ndiyo maana nasema diski kwanza, kamera baadaye.

Wapiga picha duniani wana kanuni moja rahisi, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya kutunza picha: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine. Baraka inawezekana hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye kompyuta yako. Ya pili iko kwenye diski ya nje, nyumbani. Ya tatu iko kwenye diski nyingine kwa ndugu unayemwamini, si katika nyumba moja na wewe, na kama inawezekana si katika muji mmoja. Zile picha bora 20 au 30 za kila kazi unaweza kuzipandisha pia kwenye intaneti, usiku ambapo mtandao ni mwepesi. Hizo hazitakula mega nyingi.

Tufanye hesabu. Picha moja ya RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaibana, inachukua karibu MB 30 kwenye kamera ya megapikseli 24. Arusi ya picha 600 ni GB 18. Diski moja ya TB 1 inatunza arusi zaidi ya 50. Gawanya bei ya diski kwa 50, utaona kwamba kila mteja angeweza kuilipia bila hata kusikia. Weka gharama hiyo ndani ya bei yako.

Kadi ya memori usiifute mpaka picha ziwe zimekaa mahali pawili na umezifungua kuhakikisha. Tena angalia kadi unazonunua sokoni: nyingine zimeandikwa GB 64 na ndani kuna GB 8 tu, zikijaa zinaanza kuharibu picha bila kukuambia. Programu ndogo ya bure inayoitwa H2testw inapima kadi na kusema ukweli wake. Ipime kabla ya arusi. Na kila folda ipe jina linaloeleweka, kwa mfano: 2025-08-16, Baraka, arusi, jina la jamaa. Picha 30,000 zisizo na majina ni sawa na maktaba iliyomwagwa chini.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Najua nitajibiwa: "Mkubwa, hapa mteja analipa akiona kamera kubwa." Ni kweli, macho yana nguvu. Lakini karatasi haidanganyiki. Picha ya kuchapisha ya sentimita 20 kwa 30, kwa ubora wa kawaida wa kuchapa wa dpi 300, inahitaji megapikseli 8 na nusu hivi. Kamera ya zamani ya megapikseli 12, hata simu nzuri yenye mwanga wa kutosha, inafika pale. Kinachotushinda Baraka ni mwanga: kanisa lenye giza, ukumbi wenye taa moja, sherehe inayoisha saa tatu usiku.

Kwa hiyo pesa inayobaki baada ya diski iende kwenye lenzi, ile tunayoita obyektifu. Lenzi ya mm 50 yenye f/1.8 ndiyo ya bei ya chini kati ya lenzi nzuri, Canon na Nikon zote zinayo. Ukiilinganisha na lenzi inayokuja pamoja na kamera, ambayo ukivuta inabaki f/5.6, hii inaingiza mwanga karibu mara 10. Kamera ya mkono wa pili pamoja na lenzi hiyo vinapiga picha safi kanisani kuliko kamera mpya yenye lenzi yake ya kawaida. Ongeza batri ya pili, iliyochajiwa mchana kwenye pano ya jua, maana jenereta ya ukumbi haina rafiki.

Vumbi la barabara ya RN5 wakati wa kiangazi linaua kamera. Kwenye moto, kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndani ya begi. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba, kamera ikiwa imeangalia chini. Ikinyeshewa, usiizike kwenye mchele: unga wa mchele unaingia ndani. Ondoa batri na kadi, pangusa, iache penye hewa kavu, na usiiwashe haraka.

Upande wa kurekebisha picha, vijana wengi wanatumia Photoshop ao Lightroom za wizi, zilizokopiwa kwenye flashi kwenye sekretariati. Flashi ile ile ndiyo inayoleta virusi vinavyokula arusi zako zote. Hakuna haja. Darktable na RawTherapee ni programu za bure kabisa, ni halali, zinafungua picha za RAW, na ukishaziweka kwenye kompyuta hazidai intaneti wala kadi ya benki. GIMP inafanya kazi nyingi za Photoshop. Kwenye simu kuna Snapseed.

Neno moja juu ya ngozi. Kamera ikiona gauni jeupe la bibi arusi inapunguza mwanga ili gauni lisiungue, na sura za watu zinageuka giza. Halafu kwenye kompyuta mpiga picha anavuta mwanga kwa nguvu, mama mzima anakuwa na rangi ya karatasi. Hilo si kumpendeza, ni kumpoteza. Pima mwanga kwenye sura, si kwenye gauni, piga RAW, rekebisha kidogo. Mtoto wake akitazama picha hiyo miaka 20 baadaye, anapaswa kumtambua mama yake.

Halafu kuna karatasi. Mpiga picha anayefanya kazi kwa maneno tu atagombana na watu kila mwezi. Ukurasa mmoja unatosha: bei, avansi, idadi ya picha, tarehe ya kuzitoa, na muda ambao utatunza nakala. Andika, kwa mfano, "nitatunza miaka 10", na uheshimu. Wateja wa harusi watashangaa mara ya kwanza. Mara ya pili watakutafuta kwa sababu hiyo.

Kwa mashirika karatasi ni ya lazima zaidi. Picha uliyopiga ni mali ya akili yako: Sheria n° 86-033 ya 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi katika Kongo, na picha zimo. Shirika likikulipa siku moja ya kazi, karatasi iseme picha zitatumiwa wapi, kwa muda gani, na jina lako litaandikwa vipi. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, mpiga picha Finbarr O'Reilly hakuweza kuendelea na kazi yake ya tuzo ya Carmignac humu nchini jinsi ilivyopangwa. Mradi uligeuka kuwa "Congo in Conversation", na Wakongomani kama Arlette Bashizi na Moses Sawasawa wakapiga picha za nchi yao wenyewe. Nafasi kama hiyo haitangazwi miezi sita mbele. Inamkuta yule ambaye picha zake zimepangwa, zina tarehe, mahali na maelezo ya kweli. Aliyefuta kadi hana cha kuonyesha.

Lakini kutunza kuna hatari yake, na hapa sitaficha. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kutembea ilikaa Baraka na kumhukumu Luteni-kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ajili ya ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Katika kesi ya namna ile, sura ya mwanamke aliyetoa ushuhuda ikiwa kwenye diski yako, na diski ikaibwa, umemweka hatarini mara ya pili. Vilevile mkimbizi wa Lusenda aliyekimbia watu wanaomtafuta. Hapo kanuni ni tofauti: omba ruhusa kwa lugha anayoielewa, mwambie picha itakwenda wapi, piga mikono ao mgongo badala ya sura, na diski ifungwe kwa neno la siri. Kama huwezi kuilinda picha, usiipige. Tangu 13 Machi 2023 nchi ina pia Kodi ya numeriki, inayogusa habari za kibinafsi za watu. Hatuwezi tena kusema hatukujua. Na kwenye barriere, kamera ibaki ndani ya begi. Hakuna picha ya askari inayolingana na maisha yako.

Wengine watasema diski mbili ni anasa kwa kijana anayeanza. Anayeanza na aanze na moja, na ya pili inunuliwe na wawili ao watatu pamoja, kila mmoja na folda yake. Wapiga picha wa Baraka wanajuana wote. Wakikubaliana, kwa mwaka mmoja wanaweza kuwa na akiba ya picha ambayo muji huu haujawahi kuwa nayo.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Tusibishane na kijana mpaka tumpunguzie pesa ya diski. Tukimwita kwenye arusi, tumuulize bei, halafu tumuulize: picha zetu utazitunza wapi, na kwa miaka mingapi? Asiye na jibu, tutafute mwingine.