Maziwa Huogopa Maneno

Nina miaka 19 ya ukunga hapa Tanga, na neno linalonichosha kuliko yote wodini ni hili: "Huyu hana maziwa." Husemwa siku ya pili tu, mzazi mwenyewe anasikia, na msemaji mara nyingi ni mama mkwe aliyekwisha kununua kopo. Siku ya pili! Kwa wengi maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo ni dang'a, na tumbo la kichanga halidai zaidi.

Sibezi uji wa pilipili manga, nami niliunywa. Ila mfereji wa maziwa hufunguliwa na ubongo. Kwa kawaida ubongo hutumia dopamini kuibana tezi ya pituitari isimwage prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Mtoto akinyonya, neva za chuchu hupeleka habari, dopamini hupungua, prolaktini hupanda, na usiku hupanda zaidi. Kwa hiyo ule wema wa "mwache alale, mtoto tutampa chupa" humnyima mzazi saa zenye baraka kuliko zote.

Kuyatoa maziwa yaliyokwisha kutengenezwa ni kazi ya oksitosini, nayo ina haya kama mwari. Hofu, maumivu au aibu huirudisha nyuma. Titi limejaa, maziwa hayatoki. Nilikuwa nimerudi kazini baada ya siku zangu 84 za likizo, nimo kwenye daladala, mtoto wa mtu akalia kiti cha nyuma. Gauni langu likalowa kifuani! Wangu yuko nyumbani amelala. Titi hilohilo lilinigomea wiki ya kwanza, nilipokaliwa na mashangazi watatu wakihesabu kila funda. Mkunga mzima, nililia.

Wapo wasio na maziwa kweli: aliyevuja damu nyingi sana akijifungua, kwa mfano, tezi ile yaweza kuumia. Hao tunawajua kwa kumpima mtoto uzito na kuangalia nepi zake, hatuwajui kwa kulitazama titi.

Siku hizi mkwe akianza neno lake, namwamkia, kisha namtuma maji ya moto jikoni, mwisho kabisa wa korido. Akirudi, mara nyingi humkuta mjukuu anameza.