Haba Si Hakuna

Wapenzi wa lugha, mtaniwia radhi leo nikiziacha bahari za ushairi na kuingia katika uwanja wa gofu. Najua wengi wenu mkilisikia neno gofu hukumbuka jumba lililobomoka, mfano wa magofu ya Kilwa. Nami nilikuwa hivyo nilipokuwa nikikua Masanze, Kilosa, ambako chombo pekee nilichokizungusha kwa nguvu zangu zote kilikuwa fyekeo. Nilipohamia Morogoro mjini na kuanza kucheza, mikono ile ya fyekeo ilinipa kasi iliyowashangaza wenzangu. Lakini mpira wangu ulipaa mno, ukaelea angani kama mwewe, kisha ukaanguka karibu.

Muuzaji mmoja akanishauri ninunue draiva mpya, yaani ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ya aina ambayo, kwa maneno yake, "haizungushi mpira." Nikaamini kwamba mzunguko ni ugonjwa na fimbo ile ndiyo dawa. Nikatoa fedha za mpunga wa msimu mzima.

Kosa lilianzia katika tafsiri. Alichopaswa kusema ni kwamba fimbo ile huupa mpira mzunguko haba. Haba si hakuna. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na mshororo wa shairi una mizani 16. Je, nani kati yetu atasema kwamba utenzi hauna mizani?

Mpira wa gofu upigwapo vema kwa draiva huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoubeba hewani. Ukizidi, mpira hupaa na kupoteza mwendo; ukipungua mno, huanguka mapema. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani, ambao fimbo zao hufikia kasi ya maili 115 hivi kwa saa, huizungusha mipira yao kwa wastani wa mara 2,500 hadi 2,700 hivi kwa dakika. Hata wao hawatafuti sufuri.

Fimbo za mzunguko haba hutengenezwa kwa kuusogeza uzito wa kichwa mbele na chini, karibu na uso unaogonga mpira. Humfaa mwenye kasi kubwa, kwa kuwa kasi huzidisha mzunguko. Hata hivyo, zina gharama yake: mpira ukigongwa pembeni mwa uso, kichwa cha fimbo hupinda kwa urahisi zaidi na mpira huishia vichakani. Na mwenye mkono wa polepole akiinunua kwa kumuiga jirani, atakuwa amejinyang'anya umbali, maana mpira wake unauhitaji mzunguko ili ukae hewani.

Baadaye nilipimwa kwa kifaa cha rada. Kasi ya fimbo yangu ilikuwa maili 108 kwa saa, yaani kilomita 174. Kwa fimbo ya zamani, mpira ulizunguka mara 3,800 kwa dakika. Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama akaniambia, "Mwanangu, hapa hatufyeki majani." Alisema kweli. Nilikuwa nikigonga kwa kushuka, na pigo la kushuka huongeza mzunguko. Nikainua kigingi, nikausogeza mpira mbele usawa wa kisigino cha kushoto, nikagonga fimbo ikiwa inapanda. Fimbo ileile ya zamani ikatoa 2,800. Ile mpya ikatoa 1,700, na mpira ukadondoka kabla ya kumaliza safari.

Maoni yangu, basi, ni haya. Mwenye mkono wa kasi na apime kwanza, arekebishe pigo lake, na fimbo aichague mwisho. Fedha zangu zilikwenda kwa kuupindua mpangilio huo.

Nasi wenye kalamu tuna sehemu yetu. Vijana wetu viwanjani hupewa ushauri wa Kiingereza uliotafsiriwa kwa haraka, nao huulipia. Tuwape maneno yenye kipimo. Naanza na matatu: mzunguko haba, mwinamo wa uso, na pigo la kupanda. Aliye na yaliyo bora kuliko haya na ayalete, nami nitayapokea kwa mikono miwili.