NYUMBANI KWETU: Vyombo vya Bibi Visiachwe Kambini

Jamaa ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, huhama mara nyingi. Amri ya uhamisho ikifika, vyombo hufungwa kwa haraka. Sufuria na bilauri za dukani hupakiwa. Chungu cheusi cha bibi huachwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa chaonekana mzigo bure.

Yafaa mama wa nyumba ajue anaacha nini. Wafinyanzi wa Buganda na Bunyoro walivisugua vyungu vyao na kuvipaka grafiti, madini yale yale ya ncha ya penseli, hata vikang'aa kama chuma. Wanyankole walichonga ekyanzi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, wakakifukiza kwa moshi wa nyasi na kukifunika kwa kifuniko cha kusukwa. Vilikuwa vyombo vya kazi na vya pambo pia, kama zilivyokuwa kwa Wamarekani wa karne ya 18 birika za fedha za mfuaji Paul Revere wa Boston.

Wageni waliitambua thamani hiyo mapema. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kimehifadhi kwa karne nzima vitu 1,500 hivi vya Uganda, vingi vikiwa vilitolewa na mmisionari. Mwezi wa Juni 2024 vitu 39, vikiwemo vyombo vya udongo, viliwasili katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kitante, mjini Kampala. Lakini vililetwa kwa mkopo wa miaka mitatu. Ndiyo kusema, kilichofinyangwa na babu, mjukuu amekiona kwa kuazima.

Kuvitunza si kazi ngumu. Chungu cha grafiti kisisuguliwe kwa majivu wala kwa steelwuli, maana mng'ao hutoka usirudi. Kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Chombo cha mti kisianikwe juani, kitapasuka. Tena kikaguliwe kila mwezi, kwani vitobo vyenye unga ni dalili ya wadudu.

Hatimaye, kila chombo kitiwe kikaratasi chenye jina la aliyekitengeneza, kijiji chake na kazi ya chombo chenyewe. Bibi aulizwe angali hai. Na siku ya uhamisho, kikunjwe katika blanketi, kipakiwe mahali pasipo na kishindo, sufuria zifuate.