Kitanda Kipite Mlangoni

Siku ya kuhama nyumba ndipo tabia ya kila chombo hudhihirika. Meza hutoka. Viti hutoka. Kabati hubebwa na vijana wanne likatoka kwa ubavu. Kitanda hukwama. Mlango wa chumba cha kupanga aghalabu una upana wa sentimita 80 hivi, hali kitanda cha nne kwa sita kina upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 183, kabla hujahesabu unene wa mbao zenyewe. Huegemezwa, hugeuzwa, kichwa hutangulia na miguu ikafuata, lakini ukumbi wa nyumba zetu ni mwembamba na kona yake haina huruma. Hatimaye huletwa msumeno, na kitanda kilichomeza mshahara wa mwezi mzima hukatwa vipande mbele ya mwenyewe, huku dereva wa lori akipiga honi barabarani.

Kitanda hicho hakikukatwa kwa ubovu wa mbao wala kwa uvivu wa fundi. Kilikatwa kwa sababu hakuna aliyefikiri, tangu siku ya kununua mbao, kwamba mwenye kitanda ni mpangaji. Kwa hiyo juma hili napenda tuzungumze habari za kujitengenezea kitanda nyumbani, kitanda cha kulegezwa kwa spana na kukazwa tena, ambacho mtu mwenye subira na vyombo vichache anaweza kukiunda katika siku zake za mapumziko.

Jambo hili si geni kwetu. Kitanda cha kamba cha watu wa pwani kilikuwa na jina kwa kila kiungo: miguu minne ni matendegu, mbao mbili za ubavuni ni mifumbati, na zile za kichwani na miguuni ni vitakizo. Ncha za mifumbati na vitakizo zilichongwa ndimi zikaingia katika matundu ya matendegu, kisha kamba za ukindu zikawambwa kwa nguvu, na mvuto wa kamba ndio uliokishika kitanda chote. Kamba ilipolegea iliwambwa upya. Msumari wa seremala wa leo umetuondolea hekima hiyo. Ukishalegea haukaziki tena, hupanua tundu lake tu, na kitanda huanza kulia usiku hata majirani wakajua umegeuka ubavu gani.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mninga ni mti mzuri mno: una rangi ya kupendeza, hausinyai sana, na kiini chake hakipendwi na wadudu. Lakini ni ghali, na misitu yake imekatwa sana. Mtiki wa kupandwa nao ni mzuri kwa mwenye uwezo. Kwa mfanyakazi wa kawaida mimi nashauri msindano, yaani paini, kama ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi, ambako kuna shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa katika Tanzania. Ni mbao laini, hukubali msumeno wa mkono, na ukikosea kipande hujafilisika. Chagua zisizo na vifundo vikubwa katikati ya urefu. Inua ubao usawa wa jicho, utazame kutoka ncha moja hadi nyingine; uliopinda kama upinde umwachie mwenye duka.

Kuna mbao moja ambayo usiinunue kabisa kwa kazi ya ndani, nayo ni ile iliyotiwa dawa kwa ajili ya mapaa. Utaitambua kwa rangi yake ya kijani iliyofifia. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Ubao huo unafaa kukaa juu ya dari, haufai kulaliwa na mtoto. Wala masalio yake yasitiwe jikoni kupikia, kwa kuwa moshi na majivu yake hubeba sumu ile ile. Nimeona akina mama wakiokota vipande hivyo penye nyumba zinazojengwa ili wapate kuni za bure. Ukimwona jirani yako akifanya hivyo, mwambie.

Adui wa pili ni unyevu. Mbao nyingi tunazouziwa bado zina maji ya mti. Ubao unapokauka haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, bali hupungua upana na unene. Ndiyo maana kitanda kilichobana leo huwa na nyufa baada ya miezi mitatu. Nunua mbao mapema, zipange chumbani au barazani penye kivuli, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Usizianike juani, maana zitapasuka na kupinda. Utajuaje kwamba zimekauka? Kata kipande kidogo, kihifadhi pamoja na mbao zako, na kila juma kipime kwenye mizani ya dukani. Kitaendelea kupungua uzito. Uzito ukisimama pale pale kwa majuma mawili au matatu, mbao zimefikia ukavu wa hewa ya mahali hapo.

Nasema ukavu wa mahali hapo kwa makusudi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi kuliko ya Dodoma. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo, familia nyingi za watumishi zimehama na vyombo vyao, na wengi wameshangaa kuona kitanda kilichokuwa imara Temeke kinayumba kilipofika bara. Hakikuharibiwa na lori. Mbao zilikauka zaidi, viungo vikalegea. Kitanda cha bolti katika hali hiyo hukazwa kwa dakika kumi.

Sasa vipimo. Usimpime jirani, pima watu wako na chumba chako. Godoro likishawekwa, mtu aketipo ukingoni nyayo zake zikanyage sakafu bila kuning'inia. Kwa watu wazima wengi hapo ni kama sentimita 45 hadi 50. Bibi mwenye magoti mabovu asishushwe chini zaidi ya hapo, kwani kuinuka kutakuwa adhabu. Lakini wanaoishi katika chumba kimoja wana haja nyingine: uvungu ndiyo stoo yao. Pima kimo cha sanduku kubwa kuliko yote, la nguo au la sufuria, na uhakikishe kwamba mfumbati hautalizuia. Kisha ufikirie chandarua. Mwenye kupanga hana ruhusa ya kutoboa dari, basi na aache matendegu yawe na matundu juu ya kusimikia fito nne za chandarua. Haya hayapatikani katika vitanda vya dukani, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko kioo na maua ya kuchongwa yanayowekwa kichwani ili kupandisha bei.

Kwa godoro la nne kwa sita utahitaji nafasi ya ndani ya inchi 49 kwa 73, ili shuka lipate pa kuchomekwa. Kila mfumbati utakuwa na urefu wa inchi 74, yaani inchi 73 na nusu inchi ya ulimi kila ncha. Hapa wengi hunaswa: ubao wa futi 12 ni inchi 144, na mifumbati miwili ni inchi 148. Haitoki! Dawa yake ni kununua mbao mbili za 2 kwa 6 za futi 12, na kutoka kila moja ukate mfumbati mmoja wa inchi 74 na kitakizo kimoja cha inchi 53, yaani 49 za wazi na ndimi za inchi mbili mbili. Chaga ukate kutoka mbao nne za 1 kwa 4. Kila moja itatoa vipande vitatu vyenye upungufu kidogo chini ya futi 4, jumla 12. Ubao mmoja wa 2 kwa 2 utatoa mikanda miwili ya kulalia chaga. Matendegu yawe ya inchi 3 kwa 3 baada ya kurandwa. Usipopata gogo la unene huo, gundisha mbao mbili uso kwa uso, zibane kwa kamba na kabari usiku kucha, kisha zirandwe. Kumbuka kwamba randa hula, na ubao wa inchi mbili ukitoka kwenye mashine hauna tena inchi mbili. Wauzaji wengi wa mbao wana mashine ya kuranda au wanajua iliko. Toa malipo hayo kwa moyo mmoja, yatakuokoa siku mbili za jasho.

Vyombo vya lazima ni msumeno wenye meno makali, patasi ya nusu inchi, nyundo, keekee, bisibisi, spana na utepe wa kupimia. Vya kuazima si aibu.

Unda kwanza ncha mbili. Vitakizo vichongwe ndimi, matendegu yatobolewe matundu, viunganishwe kwa gundi na kuachwa vikauke. Ncha hizi hazitalegezwa kamwe, kwa kuwa zikiwa peke yake ni bapa na zitapita mlango wowote. Ukitaka ubao wa kuegemea kichwani, uweke sasa. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha upime mshazari wa pili. Vipimo vikilingana umbo lako ni mraba, visipolingana lisukume taratibu mpaka vilingane. Usiliamini jicho.

Gundi ikisha kukauka, geukia viungo vya bolti, ambavyo ndivyo roho ya kazi yote. Chonga kwenye tendegu kishimo cha nusu inchi cha kupokea ulimi mfupi wa mfumbati. Ulimi huo hubeba uzito na kuzuia ubao usizunguke. Simamisha mfumbati mahali pake, kisha toboa kwa keekee kutoka nje ya tendegu, ukipita katikati ya ulimi na kuingia kwenye ncha ya mfumbati kwa inchi 3 na zaidi kidogo. Tundu hilo litatoboa pia ulimi wa kitakizo ulio ndani ya tendegu. Haidhuru, bolti itaufunga. Upande wa ndani wa mfumbati, inchi mbili na nusu kutoka kwenye tendegu, chimba kwa patasi kidirisha cha mraba mpaka ukutane na tundu la bolti. Humo ndimo nati na washa yake zitakamokaa. Bolti ya inchi 6 yenye unene wa milimita 10 inatosha, moja kwa kila pembe. Washa iwe pana, kwa sababu msindano ni laini na nati huuzamia.

Mikanda ifungwe ndani ya mifumbati kwa skrubu na gundi, si kwa misumari, nayo iwe chini ya ukingo wa juu kwa kadiri utakayo godoro lizame. Chaga zipangwe zikiachana inchi mbili hivi. Wapo wanaotandika ubao mmoja mzima mahali pa chaga wakidhani ni imara zaidi. Katika joto la pwani jasho la mlalaji hupita kwenye godoro, na likikosa hewa chini huzaa ukungu. Kama kitanda chako ni cha tano kwa sita, ongeza boriti katikati yenye mguu wake; chaga za msindano haziwezi upana huo peke yake.

Kupiga msasa ni kazi ya jamaa wote, na watoto huipenda kwa nusu saa ya kwanza. Anza na msasa wa 80, umalizie na wa 120 au zaidi, daima kwa kufuata nyuzi za mbao. Funga kitambaa puani. Ukitumia mvule usisahau jambo hili hata dakika moja, maana vumbi lake huwasha pua na ngozi. Paka vanishi mara mbili, na usiache ncha za mbao wala pande zisizoonekana, kwani huko ndiko unyevu huingilia. Kazi hii ifanyike uani, tena mchana, na wapangaji wenzako wapewe habari kabla ya nyundo ya kwanza. Kitanda kisilaliwe mpaka harufu iishe.

Nyufa zibazo kunguni usiziache wazi. Wakiingia hata hivyo, hutalazimika kumwaga dawa chumbani wanamolala watoto bila kuona unakomwaga: legeza bolti nne, toa vipande uani, sugua kila tundu kwa brashi na maji ya moto, anika, rudisha.

Baada ya miezi miwili kaza bolti mara moja, hata kama hujasikia mlio. Na kabla hujalegeza kitanda kwa mara ya kwanza, tia alama kwa patasi kwenye kila kiungo, mkwaju mmoja kwenye tendegu na mmoja kwenye mfumbati wake, miwili kwa miwili, hadi minne, kwa sababu matundu yaliyotobolewa kwa mkono hayafanani. Bolti, nati na washa zitiwe katika mfuko mmoja wa kitambaa na kufungwa kwenye kitakizo. Spana iwemo humo humo, maana siku ya kuhama kila kitu huonekana isipokuwa spana.