Picha za Familia Tuziweke Wapi?

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa albamu za picha zina maadui wawili tunaowafahamu sana, mchwa na unyevu wa masika. Siku hizi wengi tumehamia kwenye simu tukidhani tumepona. Lakini simu huibwa, au mtoto huichezea mpaka ikafa, na picha za ubatizo wa kifungua mimba huenda nayo. Ndiyo maana baadhi yenu mmetuuliza ni tovuti ipi ifaayo kuhifadhia picha na kuwaonyesha ndugu walioko Mtwara na Dar es Salaam.

Kwa wenye simu za Android iliyo karibu ni Google Photos, kwani mara nyingi imo tayari ndani ya simu. Hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ila humo humo hukaa na barua pepe zako. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 huhesabiwa. Flickr, iliyoanza mwaka 2004, humpa asiyelipa nafasi ya picha 1,000, lakini ni 50 tu anazoweza kuzificha zisionwe na watu wote. Kwa mama mwenye picha za watoto, sisi tunaona haifai. Nayo Photobucket mwaka 2017 iliwashtua wateja wake ilipodai dola 399 kwa mwaka kwa waliozionyesha picha zao katika tovuti nyingine. Basi neno "bure" tulisome kwa makini, kama tusomavyo tarehe kwenye chupa ya dawa.

Hata hivyo, kubwa kuliko tovuti ni hili: akaunti ni ya nani? Mama anauza ufuta wake, ananunua simu, na kijana wa dukani anamfungulia akaunti kwa namba ya kijana na neno la siri alijualo kijana. Mama anaondoka amefurahi. Siku simu ikipotea, picha zipo salama huko ziliko, ila yeye hana ufunguo. Mama mmoja wa Ruangwa alitujia akilia kwa jambo hilo. Picha pekee ya marehemu mama yake ilikuwa humo, na yule kijana alikwisha kuhama.

Ungali na simu mkononi, badili neno la siri leo, uweke namba yako mwenyewe. Liandike kwenye daftari linalokaa pamoja na kadi za kliniki za watoto, na mumeo ajue lilipo. Tena usiitelekeze akaunti. Ikikaa miaka miwili bila kutumiwa, Google inaweza kuifuta.

WhatsApp isiwe ghala, maana hupunguza ubora wa picha usipochagua HD. Na ukituma kiungo cha albamu, kila atakayekipata ataweza kuziona picha. Kwa hiyo za watoto wakioga zisiingie humo, wala za mzazi akiwa wodini. (Tumeona ndugu wakimpiga mgonjwa picha kabla hata ya kumpa pole!)

Ili kifurushi kisiishe kabla ya jioni, pandisha kwanza zile chache za thamani. Zile tano au sita usizoweza kuvumilia kuzikosa, zipeleke studio zikasafishwe. Nyuma yake andika majina na mwaka kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huvuja kwenye unyevu.