Madai ya Gatini Kuhusu Bikoni za Dharura

Kaskazi ikishika, boti za starehe za Watamu, Kilifi, Shimoni hadi Msasani hutoka alfajiri kufuata nduwaro na jodari. Wenye boti hizo huzungumzia bikoni ya dharura kwa kujiamini sana, na baadhi ya wanayosema yanaweza kuua mtu. Nitayajibu moja moja.

“Nina simu, na siendi mbali.” Minara ya simu imewekwa kuhudumia watu wa nchi kavu. Ukishaupita mwamba na kuingia kilindini, mtandao huanza kukatika, na samaki wakubwa wako huko huko. Tuseme mtandao upo: simu bado inataka mkono mkavu, betri yenye chaji, na mtu wa kupokea unayeweza kumweleza ulipo. Bikoni ya masafa ya 406 MHz haikudai lolote kati ya hayo. Ukishaiwasha, kila baada ya sekunde 50 hivi hurusha ishara kwenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo ulioasisiwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Taarifa hushuka hadi kwenye kituo cha uratibu wa uokoaji. Kwa pwani yetu ni Mombasa na Dar es Salaam. Huduma hiyo haina ada ya mwezi.

“Basi nitabeba simu ya setilaiti.” Ibebe, ni nzuri. Lakini kumbuka yaliyompata Abby Sunderland Juni 2010. Msichana huyo wa Kimarekani, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa peke yake ndani ya mashua ya tanga katikati ya Bahari ya Hindi. Mawasiliano yake ya simu ya setilaiti yalikatika, na mlingoti ukavunjika. Kilichowaambia waokoaji kwamba yuko taabani, na yuko wapi, ni bikoni zake. Ndege iliyoruka kutoka Perth ikamwona, kisha meli ya uvuvi ya Kifaransa ikamchukua.

Redio ya VHF nayo isiachwe nyumbani, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kumwita jirani aliye karibu. Ila mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia, na boti ikigeuka kichwa chini antena yake iko majini.

“PLB ni EPIRB ndogo, kwa hiyo nanunua ya bei nafuu.” Hapa pataka utulivu, kwa sababu zote mbili ni bikoni, na huzungumza na setilaiti zile zile kwa masafa yale yale. EPIRB huandikishwa kwa jina la chombo, huelea wima yenyewe antena ikiwa juu, na betri yake lazima iendelee kutuma kwa saa 48 au zaidi. PLB ni ya mtu. Hukaa kwenye jaketi okozi, hutakiwa kutuma kwa saa 24 au zaidi, na wewe ndiwe unayeikunjua antena na kuishika juu ya maji ikitazama mbingu. Jaribu kuunyoosha mkono hivyo ukiwa ndani ya mawimbi ya kusi, na jaketi limejaa maji, ndipo utaelewa kwa nini EPIRB ni ghali.

Hata hivyo, kwa boti ya wazi ya futi 20 inayorudi kabla ya magharibi, mimi ningeanza na PLB. Boti ya namna hiyo hupinduka ghafla, na kitu cha uhakika utakachokuwa nacho majini ni kile kilichofungwa mwilini mwako. Anayevuka Mkondo wa Pemba, au anayelala baharini, awe nazo zote mbili.

“Ya kujifyatua yenyewe ndiyo bora.” Wauzaji hulipenda dai hili, na kwa meli ni kweli. EPIRB ya aina hiyo hukaa ndani ya kasha lenye kifyatuo kinachoendeshwa na mgandamizo wa maji. Kasha likizama kati ya mita 1.5 na 4, kisu kidogo cha ndani hukata pini, kifuniko huruka na bikoni huelea juu. Sasa fikiria boti ya faiba iliyojazwa povu, au mashua ya mbao. Zikipinduka nyingi hubaki zikielea kifudifudi. Kasha huenda lisifike kina hicho, na hata likifyatua, bikoni inaweza kunaswa chini ya paa la boti. Kifyatuo chenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na tarehe imechapwa juu yake, kaisome. Kwa boti ndogo, chukua EPIRB ya kuchomoa kwa mkono, uiweke mahali ambapo hata mgeni ataifikia. Kamba yake ifungwe kwa mtu au kwenye boya la uokozi. Ukiifunga kwenye boti inayozama, itazama nayo.

“GPS ya ndani ni ya kuongeza bei tu.” Bila GPS, setilaiti zinaweza kukukadiria ndani ya kilomita tano hivi, yaani eneo la karibu kilomita za mraba 78. Kwa GPS ni kama mita 100. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hausimami kukusubiri. Lipa tofauti hiyo.

“Nimepata ya mtumba, rahisi kabisa.” Ikiwa ni ya 121.5 MHz pekee, setilaiti ziliacha kuisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Ikiwa ni ya 406, kagua tarehe ya betri, kisha uliza imewekewa msimbo wa nchi gani: Kenya ni 634, Tanzania 674 au 677. Halafu iandikishe. Namba yake yenye tarakimu na herufi 15 ndiyo inayompa afisa wa kituo jina la chombo na simu za jamaa zako. Bikoni isiyoandikishwa humwonyesha ishara tu, naye hana wa kumpigia.

“Nikiwasha bila sababu nitaadhibiwa, afadhali nisubiri.” Hofu hii hupoteza saa za mwanga. Ukiwasha kwa bahati mbaya, zima na upigie kituo cha uokoaji mara moja ueleze. Ukiwa na shida ya kweli, washa mapema na uiache iwake. Wapo wanaoizima ili kubana betri, wakati betri imetengenezwa kwa saa hizo hizo 24 au 48, na wanaokutafuta wanahitaji ishara mpya kadiri mkondo unavyokusogeza.