Anayesoma jioni asiachwe na njaa

Ifikapo saa kumi na mbili jioni mjini Isebania, malori huwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, wachuuzi wa huku na wa Sirari wanahesabu shilingi za nchi mbili, na katika baadhi ya shule za kutwa taa za madarasa zingali zinawaka. Ndani wamo vijana ambao mara ya mwisho walitia kitu kinywani saa saba mchana. Mwalimu wa hisabati akiuliza swali, wanamkodolea macho tu. Naye huwaita wavivu.

Nathubutu kusema kwamba wengi wao si wavivu, bali wana njaa. Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pengine mwalimu aliyekunywa chai ya saa kumi katika chumba cha walimu amesahau kwamba mwanafunzi wake hakuipata.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zilitaja saa tisa na nusu kuwa mwisho wa vipindi vya darasani kwa shule za kutwa. Iwapo yafaa kuipita saa hiyo, huo ni mjadala wa siku nyingine. Hata hivyo, shule ikiamua kuirefusha siku ya masomo, sharti ifikirie pia mlo wa kuitosha siku hiyo. Ubongo hutegemea sukari iliyo katika damu, na chakula cha saa saba hakiwezi kumbeba kijana anayekua hadi saa moja usiku.

Wenye senti hukimbilia vibandani kununua mandazi, biskuti na soda. Sukari ya vitu hivi huingia damuni upesi na kushuka upesi, na kabla kipindi hakijaisha kijana anasinzia kuliko awali. La kusikitisha ni kwamba tunanunua usingizi ilhali tumezungukwa na chakula. Njugu karanga hulimwa Migori na Ndhiwa. Kabondo, katika Kaunti ya Homa Bay, inasifika kwa viazi vitamu. Ndizi mbivu hazikosi sokoni. Robo ya uzito wa njugu ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Ndiyo sababu konzi moja humshikilia mlaji kwa muda mrefu. Kiazi kitamu kilichochemshwa asubuhi hubebeka katika karatasi safi, na kile chenye nyama ya rangi ya machungwa humwongezea mlaji vitamini A.

Hata hivyo, si kila chakula hufaa kukaa mkobani kutwa nzima. Pure iliyofungiwa mkebeni tangu alfajiri huchacha kwa joto, na njugu za kuchemshwa huharibika mapema. Za kukaanga ndizo zinazodumu. Isitoshe, njugu zilizonyauka au kuota ukungu zitupwe bila huruma. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na sumu hiyo hupenda njugu vilevile.

Najua wakuu wa shule watauliza: je, uchafu darasani? Je, maradhi? Maswali hayo ni ya haki. Lakini chakula kikavu kutoka nyumbani hakina hatari kubwa kuliko kile cha kando ya barabara. Tengeni dakika kumi na tano kabla ya kipindi cha jioni, wanafunzi wanawe mikono, wale nje ya darasa, maganda yaingie pipani. Mwenye mzio wa njugu ajulikane mapema, naye apate kiazi au ndizi.

Kuna swali zito zaidi: yule asiyekuwa na kitu cha kubeba atafanyaje? Wenzake wakitafuna, yeye atajifanya anasoma. Serikali ilipoongeza fedha za karo kwa shule za sekondari za kutwa mwaka wa 2018, chakula kilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Tusisahau kwamba mwaka wa 1979 nchi hii ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa ya Nyayo, na wengi walioyanywa wangali wanayakumbuka. Mpango huo ulikufa, lakini funzo lake halikufa: mtoto akigawiwa mbele ya wenzake sawa na wenzake, haoni haya. Basi wazazi wa kila darasa wachange gunia la njugu kwa muhula, likaangwe shuleni, na kila mwanafunzi apate konzi yake, awe mwana wa tajiri au wa maskini.

Walimu, kabla ya kulaumu akili ya mwanafunzi saa kumi na mbili jioni, muulizeni kwanza alikula nini, na saa ngapi.